Chati za ugunduzi wa kisayansi kwa shule za sekondari: michoro bora, majina pungufu

Walimu wa sayansi wa Mtwara na Lindi wanaotafuta vielelezo vya ukutani hawana mahali pengi pa kuchagua. Maduka ya vifaa vya shule mjini Mtwara kwa kawaida huuza ramani ya Tanzania, jedwali la elementi na mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Anayetaka zaidi ya hapo huagiza Dar es Salaam na kulipia mzigo kwenye basi. Kwa sababu hiyo niliipokea kwa furaha seti ya chati 12 za ugunduzi wa kisayansi inayouzwa sasa katika duka moja la maeneo ya sokoni kwa shilingi 54,000 seti nzima, au shilingi 5,000 kwa chati moja moja. Nimezitumia kufundishia kidato cha tatu na cha nne, na hukumu yangu ina pande mbili ambazo siwezi kuzichanganya. Kama michoro ya kufundishia, ni chati bora kuliko zote nilizowahi kuzitundika darasani. Kama kumbukumbu ya nani aligundua nini, zina kasoro inayojirudia katika chati 6 kati ya hizo 12, nayo ni kuwaondoa wanawake katika kazi walizozifanya kwa mikono na akili zao.

Nianze na mazuri, maana yapo na yanastahili kutajwa. Karatasi ni nzito, imefunikwa kwa plastiki nyembamba pande zote mbili, na rangi hazijapauka ingawa darasa letu linapigwa na jua la mchana kutwa. Maandishi yanasomeka na mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma. Maelezo yako kwa Kiswahili na kila istilahi imefuatiwa na Kiingereza chake, jambo ambalo linamsaidia sana mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Nanyamba au Kitangari na kukutana ghafla na biolojia ya Kiingereza. Plastiki ya pembeni imeanza kuachia katika chati mbili kwa sababu ya unyevu wa bahari, lakini selotepu pana imeidhibiti. Huduma ya dukani nayo ilikuwa ya kiungwana: muuzaji alinikunjulia chati zote juu ya kaunta nizikague kabla ya kulipa, kisha akaziviringisha ndani ya bomba la karatasi ngumu ili zisivunjike mikunjo njiani.

Kasoro ninayoizungumzia iko chini ya kila chati, upande wa kulia, ndani ya kisanduku cha manjano chenye neno MGUNDUZI, picha moja, jina na mwaka. Mpangilio huo unapendeza macho, na ndio unaoleta matatizo yote yanayofuata, kwa sababu kisanduku chenye nafasi ya picha moja humlazimisha mchapishaji kuamini kwamba kila ugunduzi una mtu mmoja, na anapolazimika kumchagua huyo mmoja, humchagua yule ambaye vitabu vilivyotangulia vilimchagua. Wanafunzi hawasomi maelezo yote ya chati. Wanasoma kisanduku, wanakinakili kwenye madaftari, na kesho yake wanakitaja kama kilivyo.

Chati ya chimbuko la binadamu ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu inahusu ardhi ya nchi yetu na kosa lake ni jepesi kulithibitisha. Juu kuna mchoro mzuri wa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai, na chini kisanduku kinasema: Dkt. Louis Leakey, 1959. Ukweli unajulikana hadi tarehe. Siku ya 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa amelala kambini akiwa mgonjwa, na mke wake, Mary Leakey, akatoka na mbwa wao kwenda kukagua mteremko mmoja wa bonde lile. Aliona mfupa uliochomoza kwenye udongo, akaupangusa, akakuta meno makubwa yakiwa bado yamekaa katika taya, akarudi kambini kwa gari kumpasha habari mumewe. Makala ya kitaalamu iliyotangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature mwezi Agosti mwaka huohuo ina jina la Louis peke yake kama mwandishi, lakini hata ndani ya makala hiyo Louis mwenyewe aliandika wazi kwamba fuvu lilipatikana na mke wake. Maana yake ni kwamba chati hii inampa Louis Leakey kitu ambacho yeye mwenyewe hakukidai.

Sisemi kwamba jina la Louis lifutwe. Yeye ndiye aliyeanza kulichunguza bonde lile tangu mwaka 1931, ndiye aliyetafuta fedha mwaka hadi mwaka, ndiye aliyelieleza fuvu kitaalamu na kulipa jina la Zinjanthropus boisei, sehemu ya pili ikimuenzi Charles Boise aliyefadhili kazi hiyo. Kisanduku cha haki kingesema kwamba lilipatikana na Mary Leakey, likaelezwa na kupewa jina na Louis Leakey. Ni maneno machache tu, na yanatosha katika nafasi ileile. Kinachoongeza uzito wa kosa ni kwamba pembeni ya chati hiyohiyo kuna picha ya nyayo za Laetoli, zenye umri wa takribani miaka milioni 3.66, zilizofukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na timu iliyoongozwa na Mary Leakey wakati Louis ameshafariki tangu mwaka 1972, na chini ya picha hiyo hakuna jina lolote. Mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kusoma shahada ya chuo kikuu kwa njia ya kawaida na aliyejifunza akiolojia kwa kuchora zana za mawe na kufukua, hayumo kabisa katika chati inayosimulia vitu viwili vikubwa kuliko vyote alivyovipata. Mtoto wa Kitanzania anastahili kulijua jina lake kabla ya kumaliza kidato cha kwanza.

Chati ya DNA, molekuli inayobeba urithi, inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa dhulma ipo lakini imesimuliwa mara nyingi kwa namna isiyo sahihi, na sipendi mwalimu asahihishe kosa moja kwa kupandikiza jingine. Mchoro wa msokoto wa nyuzi mbili ni wa kuvutia, na katika kisanduku wamo James Watson na Francis Crick, 1953. Upande wa kushoto, kama pambo, imechapishwa picha nyeusi yenye alama za mistari zilizopangika kwa umbo la herufi X, na chini yake yameandikwa maneno haya tu: picha ya eksirei ya DNA. Hiyo ndiyo picha maarufu inayojulikana kama Picha 51, iliyopigwa mwezi Mei 1952 katika chuo cha King's College London na Raymond Gosling, mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi chini ya usimamizi wa Rosalind Franklin. Franklin ndiye aliyeiandaa mbinu, aliyedhibiti unyevu wa sampuli hadi akazitenganisha aina mbili za DNA, na aliyevipima vipimo vya fuwele zake.

Mwezi Januari 1953 Maurice Wilkins, mtafiti mwenzake katika maabara hiyo, alimwonyesha Watson picha hiyo bila Franklin kujua. Zaidi ya picha, Watson na Crick walipata kupitia Max Perutz, mwanasayansi wa Cambridge, ripoti ya maabara ya King's yenye vipimo vya Franklin, na kutokana na vipimo hivyo Crick alitambua kwamba nyuzi mbili za DNA zinakwenda pande zinazopingana. Toleo la Nature la tarehe 25 Aprili 1953 lilikuwa na makala tatu zilizofuatana: ya Watson na Crick, ya Wilkins na wenzake, na ya Franklin na Gosling. Makala ya Franklin ikiwa ya mwisho, msomaji aliiona kama uthibitisho wa wazo la wengine, ilhali data zake zilikuwa sehemu ya msingi wa wazo lenyewe.

Hata hivyo, kauli kwamba aliporwa Tuzo ya Nobel haisimami. Tuzo hiyo ilitolewa mwaka 1962 kwa Watson, Crick na Wilkins. Franklin alifariki kwa saratani ya ovari tarehe 16 Aprili 1958 akiwa na umri wa miaka 37, na tuzo haikuwa ikitolewa kwa mtu aliyefariki kabla ya kupendekezwa, wala haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Swali la haki halihusu medali. Linahusu ruhusa ya kutumia kazi ya mtu na kutajwa kwa jina lake. Mwaka 2023 wanahistoria Matthew Cobb na Nathaniel Comfort, baada ya kupitia nyaraka za wakati huo, walieleza kwamba Franklin anapaswa kuhesabiwa kama mshiriki sawa katika kundi la watu wanne lililofumbua muundo wa DNA, si kama mtu aliyekuwa na data asizozielewa. Nadhani hiyo ndiyo hukumu ya kufundisha. Nikiangalia chati hii naona mchapishaji ameichukua kazi ya Franklin, ameiweka ukutani kwa ukubwa wa kiganja, na bado hakumtaja. Kurudia katika karatasi ya shule kile kilichotokea maabara zaidi ya miaka 70 iliyopita ni jambo la kuhuzunisha.

Chati ya uamuzi wa jinsi ya mtoto ni ile ambayo mzazi yeyote wa huku kusini angenufaika nayo. Inaonyesha kwa rangi mbili jinsi yai la mama linavyobeba daima kromosomu X (kromosomu ni nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe), na mbegu ya baba ikabeba X au Y, hivyo jinsi ya mtoto ikaamuliwa na mbegu ya baba. Wapo akina mama hadi leo wanaosemwa na kutishiwa kuachwa kwa sababu wamezaa watoto wa jinsi moja tu, na mchoro huu unaliondoa lawama hilo kwao bila mabishano. Lakini kisanduku kinamtaja Thomas Hunt Morgan, 1910. Morgan alifanya kazi kubwa na nzi wa matunda, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1933, na alionyesha jinsi sifa fulani zinavyofuatana na kromosomu ya X. Aliyeonyesha kwamba kromosomu ndogo ya dume ndiyo inayohusika na jinsi ni Nettie Stevens, mwaka 1905, katika chuo cha Bryn Mawr nchini Marekani. Alichunguza chini ya hadubini chembe za mdudu wa unga, yule ambaye funza wake huonekana kwenye unga uliokaa muda mrefu, akahesabu kwamba chembe za jike zina kromosomu kubwa 20, na za dume zina kubwa 19 na moja ndogo. Kutokana na tofauti hiyo moja alihitimisha kwamba mbegu za dume ziko za aina mbili, na aina hizo ndizo zinazoamua. Edmund Wilson alifikia matokeo yanayokaribiana mwaka huohuo, kwa hiyo kisanduku cha haki kingekuwa na majina mawili, na Morgan angekuwa na chati yake nyingine. Stevens alifariki mwaka 1912, kabla hata kazi yake haijakubalika sawasawa. Nawaomba walimu wa biolojia wamtaje kila wanapofundisha mada hii, kwa sababu ugunduzi uliowaondolea wanawake lawama ulifanywa na mwanamke, na hilo si dogo.

Kuhusu kupasuka kwa kiini cha atomi tulibishana vikali katika ofisi ya walimu, na ubishi wenyewe ulinifaa. Chati inamtaja Otto Hahn, 1938, na haimtaji Lise Meitner. Mwalimu mwenzangu wa kemia alisimama upande wa chati. "Mwalimu, tuzo ilikuwa ya kemia," aliniambia, "na aliyeikuta bariamu ni Hahn. Huyo mama alikuwa Sweden." Hoja yake ina nguvu na niliikubali kwa sehemu yake: Hahn na Fritz Strassmann ndio waliofanya uchambuzi wa kikemia mjini Berlin mwezi Desemba 1938 na kukuta bariamu mahali ambapo walitarajia kukuta elementi nzito. Lakini Hahn hakuelewa bariamu ile ilitoka wapi. Alimwandikia barua Lise Meitner, mwanafizikia aliyefanya naye kazi kwa takribani miaka 30 na aliyelazimika kuikimbia Ujerumani mwezi Julai mwaka huo kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akimwomba amtafutie maelezo. Wakati wa sikukuu ya Krismasi, huko Kungälv nchini Sweden, Meitner na mpwa wake Otto Frisch walifanya hesabu wakaonyesha kwamba kiini cha urani kimegawanyika vipande viwili, na kwamba uzito uliopotea umegeuka kuwa nishati kubwa mno. Maelezo yao yalichapishwa Februari 1939.

Nilimuuliza mwenzangu: chati hii kichwa chake ni kukutwa kwa bariamu, au ni kupasuka kwa kiini? Kama ni kupasuka kwa kiini, basi aliyesema kwamba kiini kimepasuka hayumo. Wala Strassmann hayumo, ingawa aliishika kazi kwa mikono yake. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake, na elementi namba 109 ikaja kuitwa meitneria kwa heshima ya Meitner mwaka 1997, karibu miaka 30 baada ya kifo chake. Elementi hiyo imo katika jedwali linaloning'inia ukuta wa pili wa darasa letu, na wanafunzi wangu hawakujua jina lake lilitoka kwa nani.

Mbili nyingine nitazipitia kwa haraka. Chati ya Jua inasema kwamba Henry Norris Russell ndiye aliyegundua kuwa nyota zimejaa hidrojeni, ilhali Cecilia Payne aliandika hivyo katika tasnifu yake ya mwaka 1925, na Russell ndiye aliyemshauri aiite matokeo yasiyoelekea kuwa kweli, kabla ya yeye mwenyewe kuja kuyakubali mwaka 1929 na kukiri kwamba Payne alitangulia. Chati ya pulsa, nyota inayotoa mapigo ya redio kwa mpangilio, inamtaja Antony Hewish. Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari Cambridge mwaka 1967, ndiye aliyekuwa akipitia kwa macho takribani mita 30 za karatasi za grafu kila siku, na ndiye aliyegoma kuipuuza alama ndogo isiyofanana na nyingine, hadi ikathibitika kuwa mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.33 hivi. Tuzo ya mwaka 1974 ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle. Haki ya Bell inahitaji pia kusema kwamba yeye mwenyewe hakulalamika. Alisema kuwa kuwapa wanafunzi tuzo ya namna hiyo kunafaa katika hali za pekee tu. Mwaka 2018 alipopewa zawadi maalumu ya dola milioni 3 kwa kazi hiyohiyo, alizitoa zote ziwe ufadhili wa wanafunzi wa fizikia kutoka makundi ambayo hayajapata nafasi ya kutosha. Namheshimu kwa unyenyekevu huo, lakini unyenyekevu wa mtu si sababu ya mchapishaji kuliacha jina lake.

Mtu anaweza kudhani natetea majina ya wanawake popote yalipo, kwa hiyo ni lazima niitaje chati ya malaria, ambayo imekosea upande wa pili. Kisanduku chake kinamtaja Tu Youyou wa China kama mgunduzi wa dawa ya mseto. Tu Youyou anastahili kila sifa aliyopewa kwa kazi aliyoifanya: mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiongozwa na maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, alitumia etha na joto dogo kuvuna kiini cha dawa kutoka mmea wa pakanga bila kukiharibu, na kwa hilo alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2015. Lakini mradi wa utafiti ambamo alifanya kazi ulikuwa wa mamia ya watafiti, makala za mwanzo zilitoka bila majina, na wenzake kadhaa walibishana baadaye kuhusu nani alifanya hatua ipi. Tena dawa ya mseto tunayoandikiwa zahanati, iliyoanza kutumika rasmi Tanzania mwishoni mwa mwaka 2006, ni muunganiko wa artemeta na lumefantrini, na haikutengenezwa na yeye. Alichokigundua ni artemisinini, yaani kile kiini cha pakanga. Kumpa mwanamke sifa isiyo yake ni kumfanya aonekane muongo siku ukweli utakapojulikana, na ubishi wa haki ukidhoofika, watakaoumia ni Stevens na Meitner wa kesho.

Chati iliyotenda vyema ni ya mionzi: ina Marie na Pierre Curie pamoja na Henri Becquerel, picha tatu ndani ya kisanduku kimoja. Inaonyesha kuwa mchapishaji anaweza akitaka. Na mwaka 1903, walipopewa Tuzo ya Nobel, hata Marie Curie alikaribia kuachwa, kwa kuwa pendekezo kutoka Ufaransa lilikuwa na majina ya wanaume wawili tu, hadi mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alipompa Pierre habari, naye Pierre akaandika kwamba hakuna tuzo ya mionzi bila mke wake. Kama Pierre asingeandika, huenda chati zetu leo zingekuwa na picha mbili. Mwanahistoria wa Marekani Margaret Rossiter mwaka 1993 aliupa jina mwenendo huu wa kazi ya mwanamke kuhesabiwa kwa mwanamume aliye karibu naye; aliuita athari ya Matilda, kwa kumkumbuka Matilda Joslyn Gage, mwanaharakati wa karne ya 19 aliyekuwa amekwisha kuuandika.

Hapa Lindi na Mtwara tuna sababu yetu ya kulisikia jambo hili kwa karibu. Chati ya dinosaria inaonyesha mnyama mkubwa wa Tendaguru, mifupa iliyofukuliwa wilayani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na ambayo leo imesimama Berlin ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kisanduku kina jina la Werner Janensch. Hakina Boheti bin Amrani, msimamizi wa wafukuaji, wala hakigusi mamia ya vibarua waliokaa pale na familia zao na waliobeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Wanawake wa kambi ile hawakuandikwa majina popote ninapopajua, na sitawabunia. Najua tu kwamba watu wa kwetu wanaoulizia mifupa irudishwe au isirudishwe wanauliza pia swali la nani alitajwa, na swali hilo ni lilelile ninaloliuliza kuhusu Mary Leakey.

Chati zilizobaki, ya Newton kuhusu uvutano, ya Jenner kuhusu chanjo ya ndui na ya Pasteur kuhusu vijidudu, sina neno nazo.

Nilirudi dukani kumweleza muuzaji. Alinisikiliza hadi mwisho, akaandika chati nilizozitaja kwenye daftari lake la oda, akasema atampa salamu hizo mtu anayemletea mzigo. "Mwalimu, niandikie maneno unayotaka yawekwe," aliniambia, "maana nikisema mimi hawatanielewa." Nimemwandikia. Inawezekana mchapishaji atajibu kwamba nafasi ni ndogo na mtihani hauulizi majina haya. Nafasi ipo, kwa sababu chati ya mionzi imeweka picha tatu. Na kuhusu mtihani, mtoto hatundikiwi chati kwa ajili ya mtihani pekee; anaitazama miaka minne, hata siku ambazo mwalimu hayupo, na inamfundisha ni watu wa namna gani wanaotarajiwa kugundua vitu.

Kwa sasa nimekata vipande vya karatasi ya manila, nikaviandika kwa maka, nikavibandika chini ya kila kisanduku chenye upungufu. Sikufunika jina lililokuwapo. Nimeongeza nani alifanya nini. Kipande cha Olduvai kina mistari miwili, cha DNA kina mitano. Wanafunzi wa kidato cha nne ndio walioandika cha Meitner, baada ya kugawanyika makundi mawili na kubishana kama tulivyobishana ofisini, na kundi lililomtetea Hahn lilidai jina la Strassmann liingizwe pia, nikakubali.

Kwa mwalimu mwenye bajeti ndogo, ushauri wangu ni asinunue seti nzima bado. Anunue moja moja: uamuzi wa jinsi, DNA, mionzi na chimbuko la binadamu, kwa shilingi 20,000, pamoja na karatasi mbili za manila za kusahihishia. Shule yenye uwezo ichukue zote 12, kwa sababu michoro yake haina mshindani katika maduka ya mji huu, lakini ikague kwanza ukingo wa plastiki kabla ya kulipa na iombe zile zilizobandikwa vizuri pembe zote nne. Nikipima michoro, naipa seti hii alama 9 kati ya 10. Nikipima majina, naipa 4, na nitaibadilisha alama hiyo siku toleo jipya litakapofika dukani likiwa na Mary Leakey ndani ya kisanduku.